Mvinje wa Chunguni: Miaka Saba ya Kuukunja Mti Makupa

"Samaki mkunje angali mbichi," walisema wazee wetu. Methali hiyo sisi huitumia kwa malezi ya watoto, lakini atakaye kuiona maana yake kwa macho na apande mti chunguni. Wajapani huiita kazi hiyo bonsai, yaani mti uliopandwa katika chombo mfano wa sinia. Asili yake ni kwa Wachina, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wajapani wakaipokea na kuilea mpaka ikawa sanaa yao. Mti wenyewe ni mti kamili, wenye shina, matawi na mizizi. Ila mwenyewe huupunguza na kuukunja mwaka hata mwaka mpaka ukapata sura ya mti mkongwe, hali kimo chake ni dhiraa moja tu.

Mti unaosifika zaidi katika sanaa hiyo ni msonobari, na hapo ndipo mtu wa Mombasa anapokwama. Msonobari mweusi wa Kijapani hutaka majira ya baridi upate kupumzika. Sisi baridi yetu ni ya mwezi wa Julai, kusi linapovuma, na dawa yake ni shuka moja. Kwa hiyo, miaka saba iliyopita, niliposhikwa na hamu ya kulea mti wa namna hii hapa kwetu Makupa, nilitafuta mti wa pwani wenye sura hiyo. Nikauchagua mvinje.

Wengi hudhani mvinje ni namna ya msonobari. Sivyo. Zile zinazoonekana kama sindano ni vijiti vya kijani vyenye pingili, na jani lenyewe ni kigamba kidogo sana kwenye kila kifundo. Kivute kijiti kimoja taratibu utaona kinaachana pingili kwa pingili. Lakini kwa umbo, kwa vitunda vyake vigumu vilivyo kama vya msonobari, na kwa sauti yake upepo unapopita, mvinje ndio msonobari wetu.

Tena ni mti usioogopa shida. Mwaka 1971, Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki jiwe tupu la matumbawe. Alijaribu aina 26 za miti; zilizosalimika zilikuwa 3 tu, na mvinje ulikuwa mmojawapo. Siri yake i mizizini: humo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Majani makavu yalipolundikana chini yasioze, wakaletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo pale pana msitu. Nami nikajiambia: mti ulioweza kuishi juu ya jiwe la Bamburi hautashindwa na chungu cha Makupa.

Nilinunua mche wa kimo cha mtu mfupi kwenye kitalu cha kando ya barabara. Mwaka wa kwanza sikuukata hata kijiti. Niliupanda katika sanduku pana la mbao ili shina linenepe, maana shina jembamba halidanganyi mtu kuwa ni la mti mzee. Udongo wake ni mchanga mnene, vipande vya matofali vilivyopondwa na mboji kidogo, na humo nilichanganya konzi mbili za udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa, ili wale vijidudu wa mizizini wafike pamoja na mwenyeji wao.

Mwaka wa pili niliukata kichwa, nikabakiza kama sentimita 50. Kitawi cha juu kilichosalia nikakisimamisha kiwe kilele kipya. Hapa pana sheria moja ya kushika: usilivue tawi la mvinje kijani chake chote. Tawi lililobaki uchi mara nyingi hukauka mpaka shinani.

Mwaka wa tatu ndio uliokuwa wa waya. Waya huzungushwa tawini kwa mshazari, kisha tawi hukunjwa polepole kwa vidole gumba, ukisikiliza. Tawi changa la mvinje ni tiifu, bali likikomaa hugeuka chuma. Kila juma ni lazima kutazama kama waya umeanza kuuma ganda, na wakati wa kuuondoa hukatwa vipande vipande. Ukiufungua kwa kuuzungusha waweza kulivunja tawi ulilolilea miezi minane.

Katika mwaka wa tano akaja mzee jirani yangu, fundi wa majahazi aliyestaafu. Alisimama akautazama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mti huu wautesa bure. Mvinje ni boriti na kuni. Huu hauna kivuli wala tunda."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mataruma ya jahazi mlikuwa mkiyakunja vipi?"

Akacheka. "Taruma hulikunji. Waenda msituni ukachagua mti uliokwisha kukunjwa na Mungu."

Nikamweleza kwamba mimi sina msitu. Mtaani kwetu kila uwanja uliokuwa na mwembe sasa una ghorofa, na udongo uliobaki ni wa chunguni. Hapo mzee aliinama akautazama mti kwa jicho la fundi, akaligusa tawi la chini la kushoto, lile nene, lililokuwa fahari yangu.

"Umetaka mti wa ufukweni uliopigwa na kusi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi tawi hili lasema uongo. Tawi linaloukabili upepo halinenepi hivi."

Alisema kweli. Mivinje ya ufukweni iliyozoea kusi huinama kuelekea bara, na upande wa baharini hubaki na matawi mafupi. Lakini tawi lile lilikuwa limelelewa miaka mitano, na tawi likishakatwa halirudishwi. Nilikaa nalo mwezi mzima. Mvua za masika zilipoanza nikalikata. Kwa muda mrefu mti ulionekana kilema, na watu wa nyumbani walinisikitikia. Mwaka huu wa saba, matawi ya upande wa pili yamejaa na kuenea, na mtu akiutazama hujua upepo unatoka wapi.

Shida kubwa zaidi ni maji. Mvinje wa chunguni ukikauka siku moja ya kaskazi waweza kufa, na Mombasa tunajua mifereji yetu. Mara ngapi twanunua maji ya mkokoteni kwa mitungi! Nyumbani waliniuliza, na kwa haki, kama maji ya kununua ni ya kunyweshwa mti usiozaa. Tukapatana: mti utakunywa maji yaliyooshea mchele na mboga. Mpaka leo haujalalamika.

Atakayesema kazi hii ni ya kupoteza wakati na akumbuke msonobari mweupe wa ukoo wa Yamaki wa Hiroshima. Ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangushwa kilomita kama 3 kutoka ulipokuwa, nao ukasalimika nyuma ya ukuta wa kitalu. Mwaka 1976 ulitolewa zawadi kwa Marekani, nchi iliyoliangusha bomu, na wenye kuutunza huko Washington hawakuijua habari hiyo mpaka mwaka 2001, wajukuu wa mzee Yamaki walipokwenda kuuzuru.

Wewe msomaji ukitaka kuanza, anza na mche wa shilingi chache, mkasi mkali na waya laini. Uweke juani, usiuingize sebuleni kama pambo la plastiki. Badilisha udongo kila baada ya miaka 2, masika yanapokaribia. Na mapema kabisa mtafute mtoto mmoja wa nyumba umfundishe kuunyweshea maji, kwa sababu mti wa namna hii ukitunzwa vyema humwacha mwenyewe kaburini, nao bado ungali kijana.