Jinsi Wenyeji wa Machakos Walivyoiponya Nchi Yao

Mtu apitaye leo katika vilima vya Machakos huona matuta yaliyopangwa kama ngazi, na miti kando ya mashamba. Miaka ya 1930 haikuwa hivyo. Kila mvua iliponyesha, udongo mwekundu ulichukuliwa mpaka mitoni, makorongo yakapanuka, na malisho yakabaki vipara.

Serikali ya kikoloni ilidhani kwamba dawa ni kupunguza ng’ombe, na mwaka 1938 ikaanza kuwachukua kwa nguvu. Wakamba walikataa, kwa maana kwao ng’ombe ni akiba, tena ni mahari. Wanaume na wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa kumtaka Gavana awasikilize. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha amri ile iliondolewa. Ng’ombe waliokoka, udongo ulizidi kupotea.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, watu walilazimishwa kuchimba matuta. Kazi ya kulazimishwa haina mwenyewe, na matuta mengi yalibomoka. Kazi iliyodumu ni ile iliyofanywa kwa mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana: leo shamba la huyu, kesho la yule. Katika vikundi hivyo wanawake ndio walioshika majembe kwa wingi.

Tuta walilolipenda huitwa fanya juu. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ukawa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ambayo mizizi yake hushika udongo, nayo hulisha ng’ombe. Maji ya mvua husimama, hunywewa na ardhi, na baada ya miaka kadhaa shamba hujisawazisha lenyewe.

Mitoni pia kuna kazi. Vikundi kama Utooni, kilichoanza mwaka 1978, hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba katika mto ukaukao. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake, mahali ambapo jua haliyakaushi upesi wala mbu hawazaliani. Kiangazi watu huchimba kidogo tu wakateka. Kingo za mto hupata unyevu, miti humea, na ndege na nyuki hurudi.

Wako waliosema kwamba watu wakizidi, nchi itakufa. Wilaya ya Machakos ya zamani ilikuwa na watu kama 240,000 karibu na mwaka 1930. Mwaka 1989 walipita 1,300,000. Hata hivyo mmomonyoko ulipungua na miti ikaongezeka, kwa sababu mikono ilizidi pia.

Lakini kazi hii haina siku ya kwisha. Ukingo uliopasuka usipozibwa mapema, mvua moja kubwa yaweza kuchukua udongo uliokusanywa kwa miaka mingi, tena itaharibu na shamba la jirani aliye chini. Kwa hiyo jembe la mwethya halitundikwi ukutani.