Mwanao anataka kujifunza kutibu watoto mpakani? Ajiandae hivi

Mzazi mmoja wa hapa Nairobi ameniuliza swali ambalo huenda linawasumbua wengine. Binti yake anasomea udaktari, yuko mwaka wa tano, na chuo kimewapa wanafunzi wiki kadhaa za mafunzo ya hiari katika hospitali wanayoichagua wenyewe. Binti amekataa kubaki jijini. Anataka kwenda Busia, katika wadi ya watoto. Mzazi anauliza: kuna faida gani kuacha hospitali kubwa yenye mabingwa na kwenda mpakani? Na huko atapokelewa na nani?

Swali la kwanza jibu lake ni jepesi. Mwanafunzi aliyesomea Nairobi pekee anaweza kumaliza masomo akiwa ameona watoto wachache sana wenye malaria kali, kwa sababu ugonjwa huo si wa kawaida katika mji ulio juu kama huu. Busia imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Ndiyo maana baadhi ya maeneo ya Busia yalikuwa miongoni mwa yale ya magharibi mwa Kenya yaliyopewa chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019. Huko pia atakutana na watoto wenye ugonjwa wa selimundu, unaopatikana zaidi kwa jamii za upande huo.

Isitoshe, mpaka wenyewe ni mwalimu. Busia ndiko lilikozaliwa jina bodaboda, kutokana na vijana waliokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Mama naye huvuka vivyo hivyo akiwa na mtoto mgongoni. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili, na mama hutafuta matibabu pale alipo karibu au pale alipo na ndugu. Mtoto aweza kuletwa na kadi ya chanjo ya Uganda, dawa alizoanzishwa ng'ambo, au bila karatasi yoyote. Daktari hana budi kuuliza kwa subira.

Hapo ndipo ninapokumbuka siku zangu za uanafunzi. Katika hospitali moja mashambani nilimpokea mama mwenye mtoto mchanga aliyekuwa na homa. Nilimwuliza kwa Kiswahili kama mtoto ananyonya. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaandika kwamba ananyonya vizuri. Sista mmoja aliyekuwa karibu akamwuliza tena, kwa Kiteso. Kumbe mama alikuwa ameitikia kwa heshima tu. Mtoto alikuwa hajashika titi tangu alfajiri. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa ana dalili ya hatari, sawa na yule anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke. Alilazwa mara moja, na akapona. Lau sista asingekuwapo, karatasi yangu ingemrudisha nyumbani. Kosa lilikuwa langu, na sijalisahau.

Sasa tuje kwenye matayarisho. Yaanze miezi sita kabla ya safari. Sababu ya kwanza ni chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Mwanafunzi atakayeshika sindano na damu asiende bila kinga hiyo.

Pili, barua. Apate barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa kitivo chake, yenye tarehe za kuanza na kumaliza, mwaka wa masomo, na mambo anayotarajiwa kujifunza. Aipeleke kwa msimamizi mkuu wa hospitali, na nakala kwa idara ya afya ya kaunti, kwani tangu mwaka 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti. Asiende mkono mtupu akitumaini huruma. Mjini Busia ipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Upande wa Malaba ipo hospitali ya Kocholia, iliyo ndogo zaidi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, aulize mapema: nani atanisimamia? Mwanafunzi haruhusiwi kumwandikia mtoto dawa peke yake. Dawa za watoto hupimwa kwa uzito. Sindano ya artesunate, kwa mfano, ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa aliye na kilo 20 au zaidi. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 30. Aliyekisia uzito kwa macho amekwisha kukosea kipimo. Kama hakuna daktari au afisa wa kliniki atakayekagua kazi yake kila siku, atafute hospitali nyingine.

Nne, ajilinde mwenyewe. Mtoto wa Nairobi hana kinga ya malaria aliyonayo mtu mzima wa Busia, hivyo alale ndani ya chandarua kila usiku, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Akichomwa na sindano iliyotumika, aoshe kwa maji na sabuni na aripoti mara moja: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kwisha, na mapema ndiyo bora.

Tano, asichanganye mambo ya mpaka. Kitambulisho cha Kenya kitamvusha hadi Uganda, lakini hakimpi ruhusa ya kumgusa mgonjwa huko. Akitaka kujifunza Tororo au Mbale, aombe ruhusa upya kwa wenyewe.

Na wewe mzazi mwenye mtoto mgonjwa, ukikutana na kijana wa koti jeupe wadini, una haki ya kumwuliza, "Wewe ni daktari au mwanafunzi? Msimamizi wako ni nani?" Mwanafunzi mwema hatakasirika.

Kwa hiyo nimemjibu mzazi wangu: mruhusu binti aende, ila kwanza akuonyeshe barua ya kukubaliwa na jina la atakayemsimamia. Akifika, ajifunze salamu za Kiteso na za Kisamia, na kabla ya kuandika neno lolote amwulize sista. Mwenyeji ndiye ajuaye njia.