Kuisoma Ndia Kuu kwa Baiskeli

Ziara ya baiskeli katika Mji wa Kale wa Mombasa hufaa kwa kundi dogo: vichochoro ni vyembamba, na sauti ya kiongozi haina budi kuwafikia wote. Ikianzia Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, huingia Ndia Kuu. Hapo mwanafunzi wa Kiswahili ashuke. Jina hilo ni Kimvita: penye /nj/ ya Kiswahili sanifu katika neno njia, lahaja hii ina /nd/. Kiongozi anayewaeleza wageni kuwa maana yake ni “barabara kuu” tu, amewapa tafsiri na kuwanyima lahaja; lahaja aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji, na ambayo ingali ikisemwa barazani mtaani humo.