Marais Wanne, Hazina Moja

Wazee wa pwani walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwenye kuyatamka maneno hayo kwa mara ya kwanza alikuwa akisema habari za jahazi, wala hakuwa na haja ya kufikiri juu ya Katiba. Lakini mwaka 2002 jirani zetu wa Komoro waling'oa nanga wakiwa na manahodha wanne: Rais wa Muungano, Rais wa Ngazija, Rais wa Nzwani na Rais wa Mwali. Kila mmoja alikuwa na mawaziri wake na bunge lake, katika nchi ambayo hata katika sensa ya mwaka 2017 ilikuwa na watu wapatao 760,000 tu.

Wako waliocheka. Sisi hatuoni la kucheka. Komoro si nchi ya mbali kwetu. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wa Unguja hata akafia huko mwaka 1925, alizaliwa Ngazija, na majina ya Kingazija yamo katika mitaa yetu na katika koo zetu. Lililowapata wao laweza kumfundisha kila mkaa kisiwani namna serikali ya shirikisho inavyokwenda, na namna inavyokwama.

Neno hilo, shirikisho, husikika kila mara kisiwa kidogo kinapoona kimedhulumiwa na kikubwa. Anayelitamka barazani mara nyingi ana maana ya kwamba tuachiwe vyetu. Ofisa anayelisikia naye hufahamu kwamba huyu anataka kuvunja nchi. Kwa maoni yetu wote wawili wamekosea, na yafaa tuanze na msingi wenyewe.

Katika nchi yenye serikali ya umoja, mkoa hupata madaraka yake kutoka kwa serikali kuu. Mkuu wa mkoa huteuliwa, na aliyemteua aweza kumwondoa kesho asubuhi bila ya kumwuliza mtu. Katika shirikisho sivyo. Serikali ya kati na serikali ya jimbo au kisiwa zote mbili hupata madaraka yao kwenye Katiba. Hakuna aliyempa mwenzake, na kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kumnyang'anya mwenzake peke yake. Gavana wa jimbo la Marekani si mtumishi wa Rais wa Marekani, na Rais hana uwezo wa kumfukuza. Hicho ndicho kipimo. Jina la nchi si kipimo.

Wakomoro wenyewe ni mashahidi wa jambo hilo. Katiba ya Oktoba 1978 iliiita nchi yao Jamhuri ya Shirikisho ya Kiislamu, na kila kisiwa kilipewa haki ya kumchagua gavana wake. Mwaka 1982 Katiba ilirekebishwa, na tangu hapo gavana akawa anateuliwa na Rais. Jina halikuguswa. Liliendelea kupigwa mihuri katika barua za Serikali kwa miaka mingi, na bila ya shaka wako watumishi walioendelea kuamini kuwa wanatumikia shirikisho kwa kuwa ndivyo karatasi zilivyosema.

Matokeo yake yalionekana Agosti 3, 1997, Nzwani ilipojitangaza kuwa imetoka. Mwali ikafuata mwezi huo huo. Malalamiko hayakuwa ya ajabu: vyeo viko Moroni, fedha ziko Moroni, na mwalimu wa Nzwani hajui mshahara wake utakuja lini. Wako waliopandisha bendera ya Ufaransa na kuomba warudishwe chini yake, kama walivyobaki ndugu zao wa Maore baada ya kura ya Desemba 1974. Ufaransa ilikataa. Moroni ilipeleka askari mwezi Septemba, nao wakashindwa. Na afikiri msomaji: ilikuwa imepita miaka 22 tu tangu Julai 6, 1975, siku ya uhuru wao. Mtu hapandishi bendera ya aliyemtawala kwa sababu ameipenda. Huipandisha ili aliye karibu naye aione.

Suluhu ilipatikana Fomboni, mji mkuu wa Mwali ambacho ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote, Februari 17, 2001, na Katiba mpya ikapigiwa kura Desemba 23 ya mwaka huo. Kwa upande wa ufundi Katiba hiyo ilikuwa na mambo ya kusifiwa. Mambo sita yaliwekwa mikononi mwa Muungano peke yake: dini, uraia, fedha ya nchi, uhusiano wa nje, ulinzi dhidi ya adui wa nje na alama za taifa. Bunge la Muungano lilikuwa na wajumbe 33, na kati yao 15 waliletwa na mabunge ya visiwa, watano watano. Hivyo Mwali, yenye watu wapatao 50,000 tu, ilileta watano sawasawa na Ngazija. Ndivyo ilivyo katika mashirikisho mengi. Mahali fulani katika Bunge, mdogo huketi sawa na mkubwa, ama sivyo hana sababu ya kuingia.

Urais wa Muungano nao ulikwenda kwa zamu, miaka minne minne. Kisiwa chenye zamu kilipiga kura ya kwanza peke yake, watatu walioongoza wakapelekwa mbele ya wapiga kura wa visiwa vyote. Kwa njia hiyo Rais alikuwa mtu wa Nzwani, tuseme, lakini hakuweza kushinda kwa kura za Nzwani tu. Ilimlazimu avuke bahari akawaombe Wangazija na Wamwali. Mwezi Mei 2006 Azali Assoumani wa Ngazija alimkabidhi madaraka Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani kwa amani, na mwaka 2011 Sambi akamkabidhi Ikililou Dhoinine wa Mwali. Katika nchi iliyozoea mapinduzi, makabidhiano hayo mawili hayakuwa jambo dogo.

Basi kilichokwama ni nini? Kwanza, fedha. Katiba iligawa madaraka vizuri kuliko ilivyogawa mapato. Marais waliapishwa mwaka 2002, na mapatano ya muda juu ya nani akusanye nini na nani apate kiasi gani yalitiwa saini Desemba 2003. Katika kipindi hicho serikali ya Muungano na serikali ya Ngazija zilikaa katika mji mmoja wa Moroni, kila moja ikidai kwamba forodha na kodi ni zake, hata wafanyabiashara wakajikuta wanadaiwa na serikali mbili kwa mzigo mmoja. Mwenye duka hasomi Katiba. Anachokijua ni kwamba jana amelipa, na leo amekuja mwingine na stakabadhi nyingine.

Baadaye uliwekwa mgawo: Muungano asilimia 37.5 ya mapato ya kugawana, Ngazija 27.4, Nzwani 25.7 na Mwali 9.4. Ukizijumlisha zinatimia mia moja kamili. Lakini asilimia ni jambo la karatasini. Bandari yenye kina cha kupokea meli kubwa iko Mutsamudu, nako ni Nzwani, na serikali ya Nzwani ilikuwa na askari wake wenyewe. Fedha ikishapita mkononi mwa mtu mwenye bunduki, kumwambia azitoe zote kwanza ndipo arudishiwe fungu lake kunataka zaidi ya kifungu cha sheria. Tungewaomba maofisa wanaosoma safu hii wakumbuke hapo kila wanapopewa kazi ya kuandika mapatano baina ya serikali mbili: swali la nani atahesabu fedha, na wapi, liandikwe kabla ya swali la nani atapigiwa saluti.

La pili lililokwama ni mwamuzi. Kila shirikisho lina ugomvi ndani yake, na hilo si kasoro. Ndiyo maana huwekwa mahakama ya kusema mpaka uko wapi. Muda wa Mohamed Bacar, Rais wa Nzwani, ulikwisha Aprili 2007, na Mahakama ya Katiba ikaamua hivyo. Alikataa kuondoka. Mwezi Juni akafanya uchaguzi wake mwenyewe, ambao Muungano na Umoja wa Afrika waliukataa. Mahakama haina jeshi. Uamuzi wake una nguvu pale tu aliyeshindwa anapoona kuwa kuutii leo kutamfaa siku atakayokuwa yeye ndiye mshindi, na Bacar hakuona hivyo. Machi 25, 2008 majeshi ya Komoro pamoja na ya Umoja wa Afrika, wakiwamo wanajeshi wa Tanzania na wa Sudan, yaliteremka Nzwani, na yeye akakimbilia Maore. Huenda wako wasomaji wetu ambao jamaa zao walikuwamo katika safari hiyo. Walikwenda kutekeleza hukumu ya mahakama, ingawa sidhani, au tuseme hatudhani, kuwa wengi wao waliifikiria hivyo.

Liko shirikisho jingine la visiwa, dogo kuliko hilo, katika bahari ya Karibi: Saint Kitts na Nevis, lililopata uhuru mwaka 1983. Katiba yao yenyewe inaeleza namna Nevis inavyoweza kutoka, nayo ni kwa theluthi mbili ya kura za watu wa Nevis. Agosti 1998 walipiga kura. Waliotaka kutoka walikuwa karibu asilimia 62. Wengi walitaka, lakini theluthi mbili haikutimia. Wakarudi nyumbani, na Nevis imo hadi leo. Hakuna meli ya kivita iliyohitajika. Wako wanaosema kwamba kuandika mlango wa kutokea ndani ya Katiba ni kumshawishi mtu atoke. Sisi twaona kwamba Nevis imebaki kwa sababu, miongoni mwa nyingine, kila mtu aliujua mlango ulipo na upana wake.

Turudi Komoro. Kura ya maoni ya Mei 2009 iliwashusha marais wa visiwa wakawa magavana, na muda wa Rais wa Muungano ukawa miaka mitano. Gharama zilikuwa kubwa, na wengi wa waliopiga kura walilikubali jambo hilo. Ya mwaka 2018 ilikuwa nyingine. Mwezi Aprili mamlaka ya Mahakama ya Katiba yalihamishiwa Mahakama Kuu ya nchi kwa amri ya Rais. Mwezi Julai ikaja kura ya maoni, ambayo wapinzani waliisusia. Makamu wa Rais, waliotoka katika kila kisiwa, wakafutwa, na kisiwa chenye zamu kikaruhusiwa kukaa vipindi viwili mfululizo badala ya kimoja. Oktoba mwaka huo huo risasi zililia katika mji mkongwe wa Mutsamudu.

Kuongeza muda wa zamu si dhambi kwa nafsi yake. Nchi yaweza kuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Linalotushughulisha ni mpangilio wa mambo: mwamuzi aliondolewa uwanjani kwanza, kisha ndipo kanuni za mchezo zikabadilishwa.

Azali Assoumani, aliyerudi madarakani mwaka 2016, alitangazwa mshindi mwaka 2019 na tena Januari 2024. Kwa Katiba hiyo ya 2018, zamu ya Ngazija inakwisha mwaka 2029. Huko Nzwani wanahesabu.