Likizo ya Disemba Nayo ni Darasa

Katika mji mdogo wa Naro Moru, kati ya Nyeri na Nanyuki, baridi ya Mlima Kenya huwakusanya jamaa jikoni bila ya kuitwa. Siku ya pili ya Krismasi staftahi huchelewa hadi saa tano: chai ya maziwa, viazi vitamu, chapati za jana.

Kisha kina nyanya huketi na kazi zao. Huyu anafuma sweta, yule kitambaa cha kochi. Mwingine anasokota kamba ya kiondo juu ya paja. Keki huokwa ndani ya sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Kipimajoto hakuna, pua ndiyo itambuayo.

Mjukuu, je, yu wapi? Aghalabu ameinamia simu au kitabu cha marudio, na simlaumu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifundisha upishi na ushonaji katika Sayansi Kimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo likaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na wazazi wengi wakashangilia mzigo kupungua. Mtaala wa umilisi, uliotekelezwa kuanzia 2019, umerejesha kazi za mikono. Lakini walimu wanajua fika ni nani asukaye baadhi ya vikapu viletwavyo shuleni Jumatatu: ni mama, usiku, mtoto akiwa amelala!

Kazi hizo na zitolewe Disemba, nyanya akiwa karibu. Naye mwalimu asimnyime alama mtoto aletaye mshono uliopinda.