Kwa Nini Watazamaji Walimpenda Mtoro

Kuanzia Septemba 1963 hadi Agosti 1967, kila Jumanne saa nne za usiku, jamaa nyingi za Marekani zilikuwa zikikaa mbele ya televisheni kumngojea mtu aliyehukumiwa kufa. Mtu huyo ni Dk. Richard Kimble, daktari wa watoto katika mji wa Stafford, jimbo la Indiana. Mkewe aliuawa nyumbani usiku. Kimble alimwona mtu mwenye mkono mmoja akikimbia kutoka upande wa nyumba yake, lakini mahakama haikumsadiki. Alipokuwa akisafirishwa kwenda kuuawa, treni iliacha reli, naye akatoroka. Mchezo wenyewe uliitwa The Fugitive, yaani Mtoro.

Roy Huggins, aliyeubuni, alipoeleza wazo lake mara ya kwanza, wengi walichukizwa nalo. Walishindwa kuelewa jinsi mtu anayeikimbia sheria atakavyofanywa shujaa mbele ya watu wenye heshima zao. Hata hivyo shirika la televisheni la ABC lilikubali, David Janssen akapewa nafasi ya daktari, na zikatengenezwa sehemu 120.

Msomaji atadhani kwamba mvuto wa mchezo huo ulikuwa mbio. La hasha! Mbio peke yake huchosha upesi. Kilichowakalisha watu macho miaka minne ni pale Kimble aliposimama. Kila juma aliingia mji mwingine kwa jina jingine, nywele zake amezipaka rangi nyeusi, akatafuta kazi ambayo haiulizwi vyeti. Katika sehemu ya kwanza yuko Tucson, Arizona, akihudumu katika baa. Hapo anamkuta mwanamke mpiga piano anayeandamwa na mume mkatili. Akili ya mtoro ingemwambia apande basi la kwanza. Kimble anabaki.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kimble alikuwa mgeni wa namna hiyo hasa, isipokuwa yeye mwenyewe hakupona. Huruma yake ndiyo iliyomfichua: kibarua anayefunga jeraha kwa ustadi wa daktari huwafanya watu waulize ametoka wapi. Kwa hiyo mtazamaji alikuwa na hofu mbili kwa pamoja. Alitaka mgonjwa asaidiwe, na papo hapo alitaka daktari aondoke kabla polisi hawajafika.

Wala polisi huyo hakuwa mtu mwovu. Luteni Philip Gerard, aliyechezwa na Barry Morse, alikuwa mwaminifu wa kazi yake, asiyepokea rushwa wala kusema uongo. Aliyesoma kitabu cha Victor Hugo cha mwaka 1862, Les Misérables, atamkumbuka mara moja Javert akimwandama Jean Valjean. Katika sehemu moja ya mwaka 1965, Gerard anaangukia mikononi mwa wapikaji wa pombe haramu, anashtakiwa uovu asioutenda, na ushahidi wote unamwelekea yeye. Anaapa kwamba hana hatia, hakuna anayemsadiki. Anayemwokoa ni Kimble. Pengine hakuna sehemu iliyosema mengi zaidi kuliko hiyo, maana Gerard, baada ya kuyaonja yote hayo, aliendelea na msako wake.

Wakati huohuo Wamarekani walikuwa na kisa cha kweli mbele yao. Dk. Sam Sheppard wa Ohio alihukumiwa kwa kumwua mkewe mwezi Julai 1954, akafungwa takriban miaka kumi. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha hukumu hiyo, kwa kuwa kelele za magazeti ziliiharibu kesi, na kesi iliporudiwa mwaka huohuo akaachiliwa. Huggins alikana kwamba mchezo wake ulitoka huko, lakini wengi waliofuata mashaka ya Kimble walikwisha kujua kwamba mahakama inaweza kukosea.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 29 Agosti 1967, ikatazamwa na watu wanaokadiriwa kufika milioni 78. Mwenye mkono mmoja alikiri juu ya mnara mrefu, pasipo mtu wa kumsikia ila Kimble, kisha akapigwa risasi na Gerard mwenyewe. Ingekuwa bure kama si jirani mmoja. Jirani huyo, askari aliyewahi kutunukiwa nishani vitani, alikuwamo nyumbani usiku ule. Aliona mama akiuawa, woga ukamganda, na aibu ikamfunga kinywa muda wote ambao mwenzake alikuwa akilala vichochoroni. Hatimaye alikubali kusema.

Nje ya mahakama Gerard akampa Kimble mkono, wakaagana. Mara gari la polisi likasimama kando ya barabara, na daktari, mtu huru sasa, akashtuka.