Kivuko cha Likoni na Mtu wa Kudhaa



Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayu, hakina kivuko cha umma. Mwenye haja mjini hupanda mashua ya mtu, akapatana nauli na nahodha, kisha akangoja upepo: kusi humpandisha Kismayu, kaskazi humteremsha Lamu na Mombasa. Taabu hiyo ilizidishwa na vita, maana mwaka 2014 kisiwa hicho kiligombewa na majeshi ya Jubaland na wapiganaji wa Al-Shabaab.

Wabajuni wengi waliokimbia vita vya Somalia tangu mwaka 1991 walishukia Mombasa. Huko, kati ya kisiwa na Likoni, kuna vivuko vya serikali, ambavyo wenyeji huviita feri. Gari hulipiwa, lakini mtu wa miguu hatozwi hata senti moja.

Basi asiye na kitu mfukoni aweza kuutazama mji mzima wa bandari. Na apande Likoni msongamano wa asubuhi ukiisha kupungua, asimame ubavuni penye upepo. Meli ya shehena ikiingia Kilindini, kivuko hakina budi kuipisha, na mvukaji huiona ikipita karibu, ndefu kuliko mtaa. Akishuka upande wa kisiwa, ashike njia ya pwani yenye mibuyu mikubwa, ambayo ni matembezi mazuri kuliko yote mjini, hata afike Ngome ya Yesu iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na nyuma yake Mji wa Kale. Jioni arudi vilevile, bure.

Lakini kisicholipiwa hupata watu wengi, na hapo ndipo kazi ya askari inapoanza. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe, jirani na Likoni, kilipinduka karibu na ufuko. Kilikuwa cha watu 300, nacho kilizidishiwa. Waliokufa walipita 270. Tarehe 29 Septemba 2019, pale Likoni penyewe, gari liliteleza nyuma ya kivuko likazama na mama na mtoto wake.

Kwa hiyo polisi wa langoni hana kazi ndogo. Hesabu ikitimia, hufunga, ingawa nyuma yake watu wanapiga kelele kwamba wanachelewa. Askari aliye safarini naye, akijipenyeza kwa ajili ya sare yake, humvunjia mwenzake amri, kwa sababu raia waliomwona hawatakubali tena kuzuiwa.

Aliyebaki nje ya lango la Likoni hungoja kivuko kinachofuata, kitambo kidogo tu. Aliyeachwa na mashua ufukoni Kudhaa, bahari ya kusi ikiwa imechafuka, huenda akalala papo hapo usiku kucha.